Nyanya ya Saba

Jamhuri ya Sawasawa ni nchi iliyobarikiwa. Ina milima miwili, mito mitatu na wizara hamsini na nne. Mito imekauka, lakini wizara zinaendelea vizuri, na kila mwaka huzaliwa nyingine mbili tatu bila kungoja mvua. Usiitafute kwenye ramani. Ramani yenyewe ilipelekwa kugongwa muhuri na bado haijarudi.

Katika nchi hiyo, mtaa wa Kwa Mshonaji, anaishi Bi Kidawa, mke wa Mzee Haroub na mama yake Zamda. Ni mwanamke mfupi mwenye kikapu kirefu, na kila Jumamosi asubuhi, kwa miaka kumi na tisa, kikapu hicho kimekuwa kikielekea meza moja tu katika soko la Kona Mbaya, meza ya Mama Siwatu muuza nyanya. Mama Siwatu hupanga nyanya zake kwa mafungu ya sita sita, tano chini na moja juu. Bi Kidawa hununua fungu moja, analitia kikapuni, halafu hasogei.

"Na nyongeza yangu?"

"Nyongeza gani tena, mwanamke wewe? Unataka nifunge meza nikaombe barabarani? Mtazameni alivyo mkavu wa macho! Wiki iliyopita nilikupa, wiki ya juzi nilikupa, kwani mimi nimezaa na nyanya?"

Na wakati mdomo unasema hayo, mkono wake tayari unapekua kapu la chini kutafuta nyanya ya saba. Mara nyingi huwa imebonyea, au ina ufa kwenye kikonyo, na huishia kwenye kachumbari. Lakini bila hiyo Bi Kidawa angerudi nyumbani ananuna, na bila kuombwa Mama Siwatu angeugua. Kuna Jumamosi moja Bi Kidawa alikuwa anaumwa jino, akanunua fungu lake na kuondoka kimya. Mama Siwatu aliacha meza peke yake, akamkimbilia mpaka kwa kinyozi, akihema. "Nimekukosea nini, shoga yangu? Mbona hukuomba?"

Mambo yakaenda hivyo miaka yote, na Serikali haikuwa na habari.

Siku ambayo Serikali ilipata habari inakumbukwa vizuri. Mheshimiwa Mwinyipembe, Waziri wa Mavuno, Mizani na Masuala Mengineyo, alikwenda sokoni kupigwa picha akiwa mtu wa kawaida. Alikuwa na kikapu, na mtu wa kumbebea kikapu, na mtu wa kumwonyesha kikapu kinashikwaje. Akanunua vitunguu kwa mama mmoja ambaye, kwa mazoea tu, alimwuliza, "Nikuongeze, Mheshimiwa?"

Uchaguzi ulikuwa umebaki miezi minne. Waziri akasimama kama aliyepigwa na umeme. Machozi yakamlengalenga, na si haki kusema ni vitunguu.

"Niongezeni!" akapaza sauti, mikono juu. "Wananchi wangu, niongezeni mitano!"

Yule mama alijua kabisa kwamba vitunguu huwa vitano, si mitano, lakini akajisemea kwamba wakubwa wana Kiswahili chao. Akamtilia vitunguu vitano.

Garini, Waziri alivikuta kikapuni. "Na hivi ni vya nini?"

"Ni nyongeza, Mheshimiwa," akajibu katibu wake, kijana aliyenyooka kama rula, asiyeachana na mkoba wake hata msikitini.

"Nani aliidhinisha?"

Katibu akafungua mkoba. Akautazama ndani muda mrefu. Hapakuwa na karatasi. Ndipo ilipogundulika kwamba katika Jamhuri ya Sawasawa, tangu enzi na enzi, vitu vilikuwa vinatoka mkono huu kwenda mkono ule bila mtu yeyote kutia saini. Waziri hakula chakula cha mchana siku hiyo, yaani alikula kidogo.

Kamati iliundwa. Ilikaa vikao kumi na kimoja katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, kwa kuwa suala lilihitaji kina. Kikao cha kumi na moja kilitoa tafsiri ambayo wataalamu wa nchi jirani wanaionea wivu hadi leo: *Nyongeza ni kitu kitolewacho bila kuombwa, baada ya kuombwa, na mtu asiyetaka, kwa hiari yake.* Kuanzia Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kila nyongeza ingeombewa kwa Fomu NY/7, mbele ya Afisa Nyongeza wa Soko. Na kwa kuwa kamati ilifanya utafiti wa kina, iligundua pia kwamba hakuna nyongeza halali isiyotanguliwa na manung'uniko ya mtoaji. Manung'uniko hayo yakaingizwa kwenye sheria, ila yasizidi maneno saba. Utafiti ulikuwa umeonyesha kwamba raia akipita neno la saba, anaanza kufika kwenye siasa.

Jumamosi hiyo ya kwanza ya mwezi ndiyo Bi Kidawa alikuwa anawangoja wakwe.

Zamda alikuwa amechumbiwa na Hamdu, kijana mpima ardhi, mpole, anayesalimia hata paka wa jirani. Posa ilishakubaliwa. Kilichobaki ni wakubwa wa upande wa mume kuja kula chakula cha mchana na kupanga siku ya harusi. Watu wanane. Hamdu alikuwa yatima, amelelewa na baba yake mdogo, na huyo baba mdogo ndiye angeongoza msafara. Jina lake, kwa bahati ya Bi Kidawa, lilikuwa Mwinyipembe.

Sasa, kila nyumba ina hofu yake. Hofu ya Bi Kidawa haikuwa mwizi wala moto. Ilikuwa ni mgeni kukomba sahani, kisha kuinua macho, kisha kukosa. Alimjua mama mmoja wa mtaa huo ambaye chakula kilipunguka siku ya wakwe zake, na mpaka anazeeka binti yake alikuwa akiitwa ukweni "yule wa kwao kusikotosha". Usiku kucha Bi Kidawa alikuwa akiwahesabu wageni wanane badala ya kulala.

Asubuhi akamtuma Mzee Haroub kwenye mchele na nyama, yeye akashika njia ya Kona Mbaya.

Karibu na meza ya Mama Siwatu palikuwa na meza mpya, mwavuli, na picha ya Waziri akiwa ameshika kitunguu. Chini ya picha alikaa Bwana Tindwa, Afisa Nyongeza, mtu mwenye uso wa kungojewa. Bi Kidawa alinunua fungu lake, akalitia kikapuni, akafungua mdomo, na Bwana Tindwa akainua kidole.

"Bado hujaomba, bibi. Njoo kwanza uombe kuomba."

Bi Kidawa akasogea mezani kwake.

"Jina?"

"Kidawa binti Shame."

"Aina ya nyongeza?"

"Nyanya. Moja."

"Sababu ya kuongezwa?"

"Wakwe wanakuja."

Bwana Tindwa akaweka kalamu chini kwa huruma. "Wakwe si sababu, bibi. Wakwe ni tukio. Sababu ni kama vile njaa, upungufu, au mapenzi."

"Basi andika upungufu."

"Upungufu unahitaji cheti cha daktari."

"Andika mapenzi."

"Kati ya nani na nani?"

Bi Kidawa akamtazama Mama Siwatu. Mama Siwatu akazitazama nyanya zake. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kuwauliza swali hilo, na wote wawili waliona haya kama wasichana.

"Kati yangu na huyu," akasema Bi Kidawa polepole.

Ikaandikwa. Ikagongwa muhuri. Foleni nyuma ilikuwa imefika kwa wauza samaki, na samaki walikuwa wameanza kujitangaza wenyewe. Bwana Tindwa akamgeukia muuzaji. "Sasa nung'unika."

Mama Siwatu, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, alikosa neno. Alimwona shoga yake amevaa kanga mpya kwa ajili ya siku hiyo, uso umemsawijika kwa kukosa usingizi, na moyo ukamlainika. "Chukua tu, mwaya," akasema, akinyoosha nyanya ya saba, safari hii nzuri, nyekundu, haina hata kovu. "Leo una wageni."

"Simama hapo hapo!" Bwana Tindwa aliruka mpaka mwavuli ukayumba. "Hujanung'unika! Kitu kikitolewa bila manung'uniko ni rushwa!"

Akamkabidhi kadi yenye manung'uniko ya mfano yaliyoandaliwa na wizara. Mama Siwatu akaisoma kama mtoto wa darasa la kwanza, neno baada ya neno: "Ewe, mteja, hakika, unanitia, hasara, kubwa, sana."

"Rudia. Weka uchungu."

Akarudia.

"Uchungu haujafika, mama."

Mara ya tatu uchungu ukaja wenyewe, bila kadi. "Hasara mnaijua nyinyi? Nyinyi mliokaa kivulini mnahesabu midomo ya watu? Nyanya hizi nimezifuata alfajiri, nimezipangusa moja moja kwa upindo wa kanga yangu, na ninayempa ni mtu wangu, leo wewe unaniuliza nani kaniruhusu..."

Bwana Tindwa alikuwa anahesabu kwa vidole. Vya mikono vikamwishia, akatazama viatu vyake, akakata tamaa. Akaandika chini ya fomu, kwa mwandiko mzuri sana: *Manung'uniko yamezidi, na yameelekezwa pasipohusika. Ombi limekataliwa. Rufaa, siku kumi na nne.* Kisha akaichukua ile nyanya nyekundu, akaitia ndani ya bahasha ya kaki kama kielelezo, na akaigonga muhuri. Aliigonga kwa nguvu. Bahasha ikaanza kulowa pembeni, ikapelekwa ofisini kwa usafiri wa Serikali.

Bi Kidawa akapewa nakala ya fomu. Akarudi nyumbani na nyanya sita na karatasi.

Mzee Haroub alimtangulia kufika, naye hakuwa na habari njema. Muuza mchele, ambaye siku zote hujaza kopo mpaka punje zinaporomoka mabegani mwake, leo alikuwa na rula ya Serikali, akalisawazisha kopo kama fundi anayepiga lipu. Mwenye bucha alimkatia nyama kwa haki kabisa, bila kile kipande cha mfupa wa supu. "Nikamwambia, basi nitilie japo shahamu kidogo," Mzee Haroub alieleza, "akaniuliza kama nina mashahidi wawili."

Zamda alionja mchuzi, akaonja tena. "Mama, mbona mwepesi hivi?"

 Bi Kidawa alikuwa amekaa juu ya mbuzi, nazi mkononi, hakuni. Mapishi yake yote aliyafunzwa na mama yake, na mama yake hakuwahi kusema nyanya sita au mchele makopo manne. Alisema fungu na nyongeza yake, kopo na nyongeza yake. Kumbe miaka yote hii amekuwa akiwalisha watu ile nyongeza.  Alimtazama binti yake aliyejifunga kanga ya mama yake, jasho puani, akijitahidi kuunenepesha mchuzi kwa kuukoroga tu, na akaogopa kwelikweli.

Saa saba wageni wakapiga hodi. Walikuwa wanane kama ilivyoahidiwa, Hamdu nyuma kabisa akitazama miguu yake, na mbele yao Waziri pamoja na Bibi Nunu, mama yake mzazi, kikongwe aliyekuwa anaitembeza fimbo yake zaidi kuliko fimbo ilivyomtembeza yeye. Baada yao akaingia dereva wa Waziri. Baada ya dereva akaingia mlinzi wa Waziri. Baada ya mlinzi akaingia katibu na mkoba wake.

"Wanane," Mzee Haroub alimnong'oneza mkewe mlangoni, "na nyongeza ya watatu."

"Wao nani kawajazia fomu?" akajibu Bi Kidawa, na akaenda kupakua.

Alipakua kama anayegawa dawa. Mlinzi alikula vya watu wawili, kwa sababu za kiusalama. Dereva aliomba ukoko, akapewa, na huo ukawa mwisho wa sufuria. Waziri alikula huku anaeleza mafanikio ya Sheria ya Nyongeza, ambayo asubuhi moja tu ilikuwa imeokoa nyanya mia nne na kumi ambazo zingepotea mikononi mwa wananchi. Alikula vizuri. Akakomba sahani. Akainua macho.

"Bi mkwe," akasema kwa furaha, akiisukuma sahani mbele, "mkono wako si mchezo. Hebu niongeze kidogo."

Zamda alifunga macho. Mzee Haroub akapatwa na kikohozi kisichokuwa na sababu. Bi Kidawa akajikaza kisabuni, na hapo, mfukoni mwa gauni lake, kidole chake kikagusa karatasi.

"Mheshimiwa," akasema kwa adabu zote, "ningekuongeza sasa hivi. Lakini nitavunjaje sheria mbele ya aliyeitunga?"

Waziri akacheka. Hakuna aliyecheka naye isipokuwa mlinzi, ambaye ilikuwa kazi yake. Katibu hakucheka kabisa. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amekutana na raia anayeijua sheria, na uso wake uling'aa kwa mapenzi. Mkoba ukafunguka. Fomu NY/7 ikatua mkekani.

"Ni kweli, Mheshimiwa. Ni dakika moja tu. Aina ya nyongeza, wali na mchuzi. Sababu ya kuongezwa?"

"Sababu gani? Njaa!"

Kalamu ikasita. "Mheshimiwa, njaa tulishaitangaza kuwa haipo nchini. Mwezi wa tatu. Ulipigiwa makofi."

"Basi andika upungufu."

"Unacho cheti cha daktari?"

"Andika mapenzi, bwana wee!"

"Kati ya nani na nani, Mheshimiwa?"

Waziri akalitazama pambo la sahani yake tupu. "Kati yangu na wali," akasema kwa unyonge, na ikaandikwa.

"Sasa mtoaji anung'unike," katibu alisema, akimgeukia Bi Kidawa na kunyoosha vidole vyake tayari kuhesabu. "Maneno saba, mama. Yasizidi."

 Zamda alikuwa anamtazama mama yake kwa macho ya kusihi, na Hamdu anamtazama Zamda. Bi Kidawa aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na sufuria. Akaiweka mbele ya Waziri, akaondoa mfuniko. Ndani ilikuwa inang'aa.

"Sufuria tupu, Mheshimiwa," akasema. "Nyongeza yako imebaki ofisini."

Katibu alikuwa amekunja vidole saba. Akavihesabu tena kuanzia upande wa pili.

"Saba," akatangaza. "Yapo sahihi kabisa, Mheshimiwa."

Aliyevunja kimya alikuwa Bibi Nunu. Kwanza ulisikika mluzi mwembamba puani mwake, kisha mabega yakaanza kumcheza, kisha kikongwe akacheka mpaka fimbo ikamwanguka. Alicheka, akafuta machozi, akamtazama mwanawe, akacheka upya. Halafu akaivuta sahani yake iliyobaki nusu, akamsukumia.

"Haya, chukua changu. Tumbo hilo! Tangu unanyonya unanimaliza, na meno huna ulikuwa unaniuma, na sasa una gari la Serikali bado unakula sahani ya mama yako. Utanizika na njaa wewe mtoto, Mungu anakuona!"

Katibu alikuwa ameshafika neno la ishirini. Bibi Nunu akamgonga vidole kwa kijiko, naye akaviweka mfukoni. Kisha kikongwe akamgeukia Bi Kidawa. "Mwanangu, nyumba yenye mwanamke kama wewe haijapungukiwa kitu. Harusi ni mwezi ujao, Alhamisi ya mwanzo, na nyanya nitakuja nazo mimi." Waziri hakupinga. Alikuwa anakula.

Sheria ya Nyongeza haikufutwa, maana katika Jamhuri ya Sawasawa sheria hazifutwi. Ilipelekwa kupitiwa upya, ikapotea njiani, na kamati imeundwa kuitafuta katika hoteli ile ile. Lakini maneno saba ya Bi Kidawa yalifika mjini kabla ya gari la Waziri. Jumatatu, mtu akiuliza maji ya bomba yako wapi, anajibiwa yamebaki ofisini. Mwalimu alipowauliza watoto chaki iko wapi, darasa zima likamjibu kwa pamoja.

Jumamosi iliyofuata Bi Kidawa alikwenda Kona Mbaya. Mwavuli ulikuwepo, Bwana Tindwa alikuwepo chini yake, ila sasa alikuwa amemwazima muuza mchicha na yeye mwenyewe anamsaidia kufunga mafungu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aondoke. Bi Kidawa alinunua fungu lake. Akalitia kikapuni. Hakusogea.

"Na nyongeza yangu?"

Mama Siwatu akavuta pumzi. Akaanza na ukame, akapita kwenye bei ya usafiri, akataja kodi ya meza, akamtaja marehemu bibi yake Bi Kidawa ambaye hakuwahi kumwona, akauliza tena kama yeye amezaa na nyanya. Bi Kidawa hakuhesabu. Alisimama na kikapu chake anasikiliza, anatabasamu, mpaka mwisho.

Nyanya ya saba ikaingia kikapuni, imebonyea kama kawaida. Kisha mkono ukarudi tena kapuni, ukatoka na nyingine, nzima, nyekundu, haina kovu.

"Na hii ya nane?"

"Nenda zako," alisema Mama Siwatu, akigeukia mteja mwingine. "Hiyo ndiyo ile iliyobaki ofisini."